Pipa la Mwanangu na Mbegu Yangu

Mwanangu alichomelea mabomba kwenye pipa la maji nje, chini akakoka kuni, maji ya moto yakapita mpaka chumbani kwangu. Baridi ya Julai ikakimbia, sikatai. Lakini akang'oa na mafiga yangu! "Mama, moshi utakuuua," anaongelea puani kama redio mbovu.

Sasa mbegu yangu ya mahindi naitundikaga darini, juu ya mafiga, moshi ndio unafukuza fukusi. Moshi hakuna, fukusi wakala yote, nikabaki na vumbi.

Mvua ilipoanza akaja na jembe begani. "Shikamoo mama. Mbegu iko wapi?"

Marahaba sikumpa. Nikabana pua kama yeye: "Kaliulize pipa lakooo!"

Mafiga nimeyarudisha mwenyewe. Ayaguse tena aone.