Magongo Yaliyomgongea Baba Njeri

Nitasema tu, maana wengi mliniona kwenye runinga mkanistahi kwa kunyamaza. Yule mama wa nguo nyeusi aliyedanganya ukumbi mzima ni mimi.

Wifi yangu Wambui, muuguzi hapa Laurel, Marekani, ndiye aliyenitoa nyumbani (tangu nimzike kaka yake nilikuwa natoka kwenda kazini na kanisani tu), tukaenda mjini kutazama hoki ya barafuni, vijana bora wa vyuo vya Marekani dhidi ya wenzao wa Kanada. Sikujua barafu inaweza kutandazwa ndani ya nyumba, nyeupe kama shuka jipya, na watoto wa watu wakawa kama wanapaa juu yake. Nikabaki mdomo wazi, na pengine ndiyo sababu mwandishi wa runinga alinijia na kamera. Akaniuliza nimekuja kwa ajili ya nani. Nikasema marehemu mume wangu, maana popote nilipo niko naye. Akauliza la pili, sikulisikia vizuri, na badala ya kumwomba arudie (hapo ndipo nilipojiponza) nikajibu kwamba ndiyo, kila siku, hata hospitalini, mpaka pumzi ya mwisho.

Jamani, mimi ni wa Nyeri. "Play" na "pray" sikioni mwangu ni neno moja. Yeye aliuliza kama mume wangu alicheza, mimi nikajibu kwamba alisali.

Kitambo kidogo uso wangu ukajaa kwenye skrini kubwa, mtangazaji akasema maneno nisiyoyashika, na watu wote wakasimama. Wachezaji wa nchi zote mbili wakagonga barafu kwa magongo yao, pamoja, polepole, mpaka kifua changu kikatetemeka. Kwenye mazishi ya mume wangu hatukujaza hata safu mbili za viti. Nikalia kwa shukrani.

"Mama Njeri," Wambui akaninong'oneza, "wanasema Mwangi alikuwa mchezaji wa hoki."

"Mwangi yupi?"

"Wetu. Nyamaza tu. Wameshampa heshima, utamnyang'anya?"

Nilitamani kunyamaza, Mungu anajua. Lakini Mwangi alikuwa mlinzi wa maegesho ya magari, na hakupenda kuitwa asivyokuwa. Nikashuka ngazi, nikamshika mwandishi mkono, kumbe kamera bado inawaka, na maneno yangu yakatoka kwenye spika zote.

"Hakucheza, dada. Alikuwa akisali. Barafu aliijua ya kwenye friji tu."

Ukumbi ukaangua kicheko, mwandishi akawa mwekundu, nami nikakimbilia mlango wa kutokea nikajikuta kwenye chumba cha mifagio.

Siku hizi hata mwenye duka akiniuliza kama nataka mfuko, namwomba arudie. Radhi nilishaomba. Lakini ule mlio wa magongo sikuurudisha, wala sitaurudisha.