Kwa Mama Kulwa, Mwakitolyo: siku bwana afya alipokataza sinia moja

Wakuu, habari za humu.

Juzi kuna mtu aliuliza masharti ya kupika nyumbani na kuuza. Nikaanza kumjibu, nikajikuta namkumbuka mama mkwe wangu. Basi vumilieni, hii sio chai, niliishi nayo.

Niliolewa nikitokea Kondoa, nikaletwa Mwakitolyo kwenye machimbo. Mama mkwe watu wote walimwita Mama Kulwa, mimi nikamwita mayu, yaani mama, kama wanawe. Alikuwa anawapikia wachimbaji palepale nyumbani. Ugali wa dona na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kayaunga kwa karanga.

Mpaka leo nikisikia harufu ya karanga zinachemka, nasimama kwanza.

Wachimbaji wa duara moja, yaani shimo moja, walikula sinia moja. Na mayu alikuwa na sheria yake: hakuna kunawa mpaka wote wametoka shimoni. Mmoja akikosekana, ugali unafunikwa.

Mimi mgeni niliona usumbufu tu, chakula kinapoa bure.

Siku moja Masanja hakuonekana. Wenzake wakasema atakuwa kajilaza kivulini huko, mama tupakulie, njaa inauma. Mayu akavuta kigoda, akakaa pembeni ya sinia.

"Mfuateni kwanza."

Wakaenda wananung'unika. Walimkuta chini, kifusi kimembana mguu, sauti imekauka kwa kuita. Alipona, ila anachechemea mpaka leo.

Sikulalamikia tena ugali kupoa.

Baadaye kukawa na ugonjwa wa kuhara, bwana afya akaanza kukagua majiko yote yanayouza chakula. Kijana mstaarabu, alianza na shikamoo. Alipoitikiwa tu, akawa mkali.

"Mama Kulwa, mikono yote hiyo sinia moja? Kila mtu na sahani yake. Nikirudi nikalikuta hilo sinia, nafunga jiko."

Mengine mayu aliyakubali fasta. Tukapime afya, sawa. Choo kiwe safi, shimo la taka lifunikwe, maji ya kunawa yawe ya kutiririka, sawa. Mbuzi watoke jikoni, sawa (hapo nilishukuru kimoyomoyo, wale mbuzi walinitesa jamani).

Kwenye sinia akaacha kuitikia sawa. Akauliza:

"Sasa mwanangu, nitajuaje ambaye hajatoka?"

Kijana wa watu akarudia yaleyale, kila mtu na sahani yake, akaondoka. Na tuseme ukweli, alikuwa sahihi, watu walikuwa wanaumwa. Ila jiko lile ndilo lililotulisha sote, na mayu hofu yake ilikuwa kwa wale wa shimoni. Siku zile aliunguza mboga, kitu ambacho sikuwahi kukiona.

Ikafika siku ya gulio. Mayu akarudi na sahani za bati, kila moja na ua la rangi yake. Akamwambia kila mchimbaji achague ya kwake.

Tangu hapo sahani zilipangwa mkekani zikiwa tupu. Moja ikikosa mwenyewe, hakuna inayopakuliwa.

Bwana afya aliporudi alikuta wanaume wazima wamekaa mbele ya sahani tupu, chakula kipo na hakiliwi. Akauliza mnasubiri nini?

"Wa ua jekundu bado," mayu akajibu.

Yule kijana akakaa mkekani, akasubiri nao. Kibali tukapata.

Sasa hivi niko Kahama, napika nyumbani kwangu. Leseni ninayo, kupima afya sikosi, jiko lina vigae. Chakula kinaondoka na bodaboda kwenye vikontena, kila mtu anakula anapojua, macho kwenye simu. Biashara ipo, namshukuru Mungu. Ila hakuna anayemsubiri mwenzake, na hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kueleza. Mayu mwenyewe tulishamzika.

Nilichojifunza: masharti fuateni wakuu, yanaokoa watu. Lakini kabla hujaacha ulichokizoea, jiulize kilikuwa kinamlinda nani. Mkitaka kujua hatua za kibali ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua. Na kwenu mlikuwa mnakulaje?

Halafu kama humu kuna aliyewahi kula kwa Mama Kulwa, ajitokeze, aseme ua lake lilikuwa rangi gani. Sahani zote ninazo.