Mama Nafasi Ateleza Kwenye Nafasi Tano

Katika ofisi ya takwimu za mvua hakuna anayemwita kwa jina. Ni Mama Nafasi. Programu yake ameiandika kwa Fortran, lugha ya kompyuta inayomzidi umri, na kwa mtindo wa zamani kila mstari huanza baada ya nafasi sita tupu. Data nayo hukaa kwa nidhamu: namba ya kituo safu tano za mwanzo, tarehe nane zinazofuata, mvua tano za mwisho. Mumewe anasema hata vikombe nyumbani vimepangwa hivyo.

Mwezi uliopita vituo vilianza kutuma mafaili ya mtindo mpya: kila tarakimu na jina lake, nukta mbili, mkato, na mabano yaliyopinda kama masikio. Mkurugenzi alisema kwa upole, bila kupepesa macho: programu iyasome kufikia Ijumaa saa sita mchana, la sivyo izimwe, na mwandishi wake ahamie masjala.

"Huko utapanga majalada," mchora ramani, ambaye pia ni dada wa mumewe, alimtania. "Hayo hayadai nafasi sita."

"Wifi, chora mito yako."

Wifi huyu, tofauti na ile ya intaneti ukutani, hakatiki.

Kwa siku nne Mama Nafasi aliandika kipande cha programu cha kuitangulia ile ya zamani. Kinasoma herufi moja moja, kinatafuta jina, kinachukua tarakimu iliyo baada ya nukta mbili na kuikalisha kwenye safu yake. Ijumaa asubuhi kilimeza mafaili yote bila kukwama. Akaenda kuchemsha chai, jambo analolifanya akishashinda.

Aliporudi, wifi alikuwa ameinamia ramani.

"Kituo cha kumi na saba hakikupata tone mwezi mzima. Majirani zake wote wameloa. Kilijifunika mwavuli?"

Chai ikapoa. Katika faili, mahali pa mvua ya kituo hicho, kila siku paliandikwa neno moja: *tupu*. Alipopiga simu kituoni, aliambiwa mpimaji alikuwa mgonjwa. Kipande kipya, kwa kukosa tarakimu, kiliacha nafasi tano; na programu ya zamani husoma nafasi tupu kuwa sifuri. Kutopimwa kukawa ukame. Ni kosa alilowakanya wengine miaka thelathini, kwa kalamu nyekundu.

"Mhesabu nafasi kaangushwa na nafasi."

"Sema polepole, mkurugenzi yuko chumba cha pili."

"Nimesema polepole. Nitakazia sauti kwa kaka yangu."

Mistari mitatu ilitosha: penye *tupu* paandikwe hasi tisini na tisa, alama ya kwamba hakuna aliyepima. Saa sita kasoro dakika kumi mkurugenzi aliuliza kwa nini kituo cha kumi na saba kimepakwa kijivu.

"Hakikupimwa. Mpimaji aliumwa."

"Na programu imejuaje?"

"Imefundishwa leo," wifi alidakia.

Mkurugenzi akaitazama ramani tena. "Basi programu ibaki."

Jioni mumewe alimfungulia mlango, uso mkavu kabisa.

"Karibu, Mama Tupu."