Siku Feni Ilipoazima kwa Honi

Mke wangu alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho kule hospitali ya Mawenzi, tukaambiwa turudi kesho yake asubuhi afunguliwe bandeji. Daktari alionya asipande pikipiki wala asikae penye vumbi. Tegemeo letu likawa gari letu dogo, na gari hilo lilichemka siku hiyohiyo wakati wa kurudi, tulipopitia soko la Pasua kununua vitunguu na kukwama nyuma ya lori. Tulingoja lipoe, tukaongeza maji, tukapanda polepole kurudi nyumbani Machame.

Kilichonishangaza ni kwamba mlimani halikuchemka. Injini ililalamika, lakini mshale wa joto ulitulia. Linawezaje kuuweza mlima na kushindwa kusimama tu? Nililiwaza hilo njia nzima. Tulipokaribia nyumbani nikapata mwanga: gari likitembea, upepo wa njiani unapoza rejeta, yenye maji ya injini. Likisimama, kazi hiyo ni ya feni. Na huku juu, kwenye baridi yetu, feni huitwa kazini mara chache. Huenda ilikufa zamani tusijue.

Alasiri nikafungua boneti. Fyuzi ilikuwa nzima. Nikavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye feni, ikazunguka kwa nguvu.

"Nini hicho?" aliuliza mke wangu kutoka kiti cha mbele, jicho moja limefungwa.

"Feni, mama. Ni nzima."

"Kama ni nzima, mbona ilituacha Pasua?"

"Hakuna anayeipelekea umeme."

"Basi mtafute huyo mhusika. Mimi nataka jicho langu."

Mhusika niliyemshuku ni rilei, kijisanduku cheusi kinachopokea amri na kuufungulia umeme njia. Niliwasha injini, mke wangu akautazama mshale kwa jicho lililobaki.

"Umepita katikati, baba. Unaendelea kupanda."

Feni kimya. Nikazima. Pembeni ya rilei ile palikuwa na nyingine ya honi, zinafanana kabisa. Nikazibadilisha nafasi, nikawasha tena. Mshale ulipofika palepale, pakasikika mlio mdogo, kisha feni ikavuma.

"Asante, Bwana," nikasema.

Mke wangu akanyoosha mkono, akabonyeza honi. Kimya.

"Umemponya huyu, umemuua yule," alisema. "Na zile kona zetu?"

Barabara yetu ya kushukia lami ni nyembamba, migomba imeibana pande zote, na kila mtu hupiga honi kabla ya kona. Maduka ya vipuri yako mjini. Nilifikiri, nikaona honi tunaweza kuisaidia sisi wenyewe, lakini feni hatuwezi.

Asubuhi tuliomba, tukaondoka. Nilishuka kwa gia ya kwanza. Kila kona mke wangu aliupiga mlango kwa kiganja na kuita, "Tunapita!" kwa sauti aliyoitumia kwenye kwaya miaka mingi. Hakuna aliyekimbia. Akina mama waliobeba majani ya ng'ombe walisimama na kutusalimu.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje na jicho?"

"Marahaba. Naenda kufunguliwa. Sogeeni kwanza, wanangu."

"Mungu akutangulie, mama."

Kufikia kona ya mwisho tulikuwa tumeombewa na nusu ya kijiji.

Mjini palikuwa na foleni ndefu hadi karibu na lango la hospitali. Nilishika usukani nikitazama mshale. Ulipanda, ukafika katikati. Feni ikavuma, mshale ukarudi chini. Nilitaka kuuangalia tena na tena, kama mtu anayeangalia jiko likiwaka.

Bandeji ilipotolewa, mke wangu alifumba jicho, akalifumbua polepole, akatazama dirisha, kisha daktari. Nilisubiri. Mwishowe akanigeukia mimi, akanitazama kuanzia kola hadi tumboni.

"Baba," alisema, "umekuja mbele ya daktari na shati lenye grisi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tangu mwaka uliopita jicho hilo halikuwa limeona hata kifungo cha shati langu.