Anayewaogesha Watoto Kisian

Tulikuwa watatu kwenye kibanda cha samaki Obunga: mama muuzaji, muuguzi aliyetoka kazini, na mimi.

"Mama, siku hizi huna haraka ya watoto?" muuzaji akamtania muuguzi.

"Haraka ya nini? Nikifika Kisian wameoga, wamekula, wametulia. Dana, nyanya yao, huwashughulikia."

"Mama mkwe analala kwako?"

"Aah! Nyumbani kwa mwanawe atalalaje? Mila haikubali. Watoto wanasema huondoka nikigusa mlango."

Nikamshauri awahi siku moja, amshukuru. Akakumbatia mkoba wake.

"Mzee, nikimkuta, kesho nani atanisaidia?"

Wengi hutamani jioni tulivu; huyu anayo, na anaogopa kuitazama.

Alipoondoka, muuzaji aliniambia kwamba mama mkwe huyo alifariki mwaka jana, akazikwa Katito.