Lorraine na Dirisha Lililozibwa kwa Rangi

Saa tatu asubuhi, mjini Shrewsbury, Uingereza. Umande umeganda juu ya vigae. Ghorofani kwa Bi Enid Corfield, Lorraine Tudge amepiga goti kwenye dirisha la chumba cha kulala, anapitisha kisu chembamba kati ya mbao na mbao. Anasukuma kidogo, anasikiliza, anasukuma tena.

Kioo kikipasuka, kazi imekwisha. Ndivyo alivyokubaliana na Philippa, binti wa Bi Enid: kipasuke kimoja tu, dirisha zima ling'olewe, liwekwe la plastiki. Na vioo vyenyewe ni vya karibu miaka mia tatu, vyembamba, vina mawimbi. Ukitazama nje, mpita njia anakatika kiuno bila ngoma.

"Huyu hataki mabavu," anasema Lorraine kuhusu dirisha, bila kugeuka. "Unambembeleza. Ukimnunia, naye anakununia."

Lorraine, 58, anatengeneza madirisha ya kupandisha na kushusha tangu alipoacha shule. Mapato ya mwezi wake mzuri, anasema, ni sawa na ya wiki mbili za fundi bomba. "Lakini bomba haliangalii nje," anacheka.

Nyumba yenyewe ina ujanja wake, na mimi naupenda. Uso wa matofali mekundu ni koti tu. Nyuma yake imesimama nyumba kongwe zaidi, ya magogo ya mwaloni. Zamani hizo mfanyabiashara wa sufu aliivika matofali ili majirani wasimwone mshamba. Mwaloni ukaendelea kujipinda taratibu, ukalivuta koti, na leo hakuna dirisha linalolingana na mwenzake. Moja lilizibwa kwa matofali enzi za kodi ya madirisha, iliyotozwa kwa idadi ya madirisha ya nyumba, na limebaki hivyo.

Hili la chumbani lilizibwa na mapenzi. Marehemu Clive, mume wa Bi Enid, alilipaka rangi kila majira ya kuchipua, tabaka juu ya tabaka, bila kukwangua ya zamani. Nusu ya mtaa imefanya hivyohivyo: mtu anaipenda nyumba yake mpaka anainyima hewa. Ukuta umeota kuvu, na Bi Enid, 84, kifua kinambana kila baridi ikija. Philippa hana ubaya. Anachotaka ni mama yake apumue.

Saa saba mchana unasikika mlio mkavu. Bi Enid na Philippa, waliosimama mlangoni, wanasogea karibu.

Kioo ni kizima; ni rangi iliyoachia. Lorraine anafunga kamba mpya kwenye vyuma vya uzito vilivyofichwa ndani ya fremu, kisha analiinua dirisha kwa vidole viwili. Linapanda.

Baridi inaingia pamoja na kelele za barabarani. Bi Enid anatoa kichwa nje, anavuta pumzi.

"Clive," anasema, machozi yakimtoka, "ulinifungia dunia nzima nje, mjinga wewe."

Philippa anajifuta macho, kisha anauliza kama madirisha mengine nayo yanaweza kuokolewa. Yamebaki kumi. Bega la kulia la Lorraine limechoka, na daktari amekwisha kumwambia aache kazi hii.

"Nitaacha nikiyamaliza haya kumi," anasema, akikusanya visu vyake. "Lakini kiangazi kikifika, nataka yafunguliwe yote siku moja, Bi Enid akiwa hapa hapa. Nisimame barabarani niione nyumba ikipumua. Baada ya hapo, bega lifanye litakavyo."