Dobi Aliyeanguka Kila Akiitwa

Mmenisumbua mwaka mzima: bibi andika habari za dobi, bibi andika. Kuandika kwenyewe nadonoa herufi moja moja kama kuku, na wenye midomo ya kusimulia mko tele. Haya. Lakini asinisahihishe mtu.

Dobi huyu mtaa mzima ulimwita Kanji, maana mashati aliyatia kanji mpaka yakasimama yenyewe. La kwake ndilo lilikuwa tangazo la duka: jeupe, kola ngumu kama kigae, kifungo cha juu kimefungwa hata siku za jua kali, na pasi mbili za makaa zinafukuta mbele yake. Shingo ilinenepa na miaka, kola haikupewa habari. "Mwili wangu," alipenda kujitapa, "unakwenda ninakousukuma, kama pasi."

Basi akaanza kuanguka.

Meza yake ilitazama ukuta, mlango uko kushoto. Mteja akipiga hodi, Kanji anageuza shingo, macho yanapinduka, puu! Yuko chini kati ya makapu. Baada ya kitambo anazinduka, anauliza nani kamsukuma. Sasa wanaopiga hodi kwa dobi ni nani? Si wanaofuata nguo zao? Na nguo za Kanji, Mungu anisamehe, hazikuwa na tabia ya kuwa tayari siku ya ahadi.

Mtaa ulicheka ukashika mbavu. Mwalimu mkuu, ambaye suruali yake ya kijivu ilikuwa na wiki tatu pale dukani, alimwinamia akiwa chini.

"Mzee Kanji, mara ya kwanza uliniambia umefiwa na shangazi. Leo unazimia. Wiki ijayo utakufa kabisa ili usinipe suruali?"

Mke wa Kanji hakucheka. Mara ya nne mumewe alianguka na pasi mkononi, makaa yakamwagika, shuka ya watu ikatoboka, na nywele zake za kisogoni zikanuka kuungua. Pasi zilipopoa, mke akazifungia kwenye sanduku, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga.

"Usipopona, nashika mimi. Wewe utakaa nyumbani uchambue maharage."

"Miaka thelathini na moja nimeshika pasi!"

"Na mimi miaka thelathini na moja nimekushika wewe. Twende hospitali."

Daktari alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wao. Akamlaza, akambandika nyaya kifuani, na kwa akili zake hakumvua shati, alilipandisha tu.

"Baba, geuza shingo kama mteja anakuita."

Kanji akageuza. Kwenye kioo cha mashine, vilima vya moyo vilivyokuwa vikifuatana vikakatika, mstari ukalala.

"Mama yangu!" mke akapiga kelele.

Binti akafungua kifungo. Vilima vikarudi.

"Humu shingoni, baba, mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, pana kituo kinachopima presha. Kola ikikibana, kinadhani presha imepanda. Kinapeleka habari kwenye ubongo, nao unauamuru moyo upunguze mwendo, hata usimame kidogo. Damu haifiki kichwani vizuri, unaanguka."

"Kimemuuliza nani?"

"Hakiulizi. Moyo, jasho, tumbo kusaga chakula, mboni ya jicho kubana juani, vyote vina mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila amri yako. Mingine inakaza, mingine inalegeza."

"Afadhali," akasema mkewe. "Ingeachwa kwake, angekuambia moyo utapiga Jumamosi, bila kukosa."

"Sasa mimi mwenye mwili nina kazi gani?"

"Kufungua kifungo, baba."

Kanji akarudi amevimba. Dobi shingo wazi? Bora avae gunia! Siku tatu alikaa kwenye kiti, amefunga kola yake, akimtazama mkewe akipiga pasi. Siku ya nne akaona suruali ya mteja inatoka dukani ina mikunjo miwili mguu mmoja, kama reli. Hilo lilimshinda. Akasimama, akafungua kifungo, akanyoosha mkono. Mkewe akampa pasi.

Haikupita nusu saa. "Hodi!" Mwalimu mkuu.

Kanji akageuza shingo. Akasubiri kuanguka. Wapi! Amesimama wima.

"Huanguki leo?"

"Sianguki."

"Basi suruali yangu."

Hapo jasho likamtiririka bila kutumwa, mdomo ukakauka, moyo ukatimua mbio, na sakafu ikakataa katakata kumpokea.

"Bado, mwalimu," akasema. "Nilikudanganya. Kaa hapo, naipiga sasa hivi ukiona."

Akaipiga, mkunjo mmoja, mkali kama wembe. Pasi haikurudi tena sandukuni.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyenisumbua, shika kifundo cha mkono wako, uyaamuru mapigo yapumzike kidogo. Yakikutii, njoo unionyeshe. Yakikukatalia, vua hilo shati linalokukaba uniletee, nikupanulie kola.